Siku Mhakiki Alipokuta Chungu Jikoni

Hela ya kaya huja kila miezi miwili,
ikichelewa, mitatu.
Natia dole gumba, nahesabu mbele ya karani,
nahesabu tena nyuma ya jiwe kubwa
linaloizuia nyumba yetu, Mabatini juu,
isiteremke mpaka barabarani.

Kesho yake, alfajiri, nipo Mwaloni.
Siwagusi dagaa wa juu, wale wanaong'aa kwa ajili ya wageni.
Namngoja Nkwimba akung'ute magunia:
waliokatika vichwa, waliolala chini kabisa.
Ananicheka. "Wewe kila siku mabaki."
Mabaki ya ziwa, Nkwimba, ni ziwa bado.
Naonja mmoja. Kuna mchanga.
Nashusha bei kwa ajili ya mchanga;
kuosha mara tatu ni kazi ya mikono yangu,
na mikono yangu haikatwi kodi.

Minofu ya sangara hupanda ndege, siijui ladha yake.
Mgongo umebaki, na kichwa,
na mimi ni mtu wa migongo:
ndimu, pilipili moja, moto wa pumba,
mpaka mfupa wenyewe ukiri.

Mengine hayanunuliwi.
Mgagani umejiotea penye mfereji wa Mzee Bugumba;
nachuma kabla mbuzi wake hawajaamka.
Michembe imetoka Misungwi kwa mama mkwe,
imekauka, migumu kama kwato,
lakini iloweke, ichemshe, ifunike,
asubuhi watoto wanakunywa chai isiyo na sukari
na hakuna anayeuliza sukari iko wapi.

Jumanne ile nilikuwa na nsansa,
majani ya kunde niliyoyaanika mwenyewe juu ya jiwe, wakati wa masika,
na karanga nilizotwanga usiku ili Limi asizidokoe.
Mvuke umeanza kunukia
ndipo mhakiki akabisha hodi,
kijana, shati limenyooshwa, daftari kwapani.

"Mama, mnakula milo mingapi kwa siku?"

Sikujibu upesi.
Chungu kilijibu kabla yangu,
kikachemka, kikasukuma kifuniko,
kikamwaga harufu yote miguuni pake.
Nikatamani kukikalia.
Maana nimesikia ya jirani yangu Ng'walu:
walimkuta anakaanga samaki, mmoja tu, wa kupewa,
mwezi uliofuata jina lake halikuitwa.
Basi umaskini nao una sare yake,
na mimi nimekutwa sijaivaa.

Niseme mmoja? Sayi amesimama mlangoni,
mashavu yake yanang'aa mafuta ya karanga.
Niseme mitatu? Ataandika: *wamejiweza*.

Nikasema, "Karibu chakula."
Sikupanga. Ni mdomo wa nyumba yetu,
haujui kusema kitu kingine mtu akikuta ugali.

Akanawa. Akamega tonge dogo la mtu wa ofisini,
kisha la pili, kubwa zaidi,
la tatu lilikuwa la mtoto wa mtu.
"Nyama gani hii?"
Majani, nikamwambia. Majani na subira.
Akanyamaza kidogo, akatazama chungu, si mimi.
"Bibi yangu, kule Sengerema," akasema,
wala hakumaliza.

Akafungua daftari kwa mkono wa kushoto,
wa kulia una nsansa bado.
Akaandika mstari mmoja, mrefu.
Mimi kusoma najua, ila kichwa chini juu
maandishi yake yalikuwa njia ya siafu.

Ameondoka. Sijui ameandika nini.
Mwezi ujao nitasimama foleni kama kawaida,
nitasikiliza herufi ya jina langu.

Leo lakini ugali umepungua tonge tatu,
na Limi anakwangua ukoko chunguni,
anausikiliza unavyolia chini ya kijiko,
anauliza yule kaka atarudi lini,
maana alikula vizuri.